Choo Kilichokaa Upande

Baba yangu Tajudini alikuwa fundi wa vigae, na akikuta watu wawili wamekaa, anaanza kuwasimulia historia ya mabafu ya Bujumbura. Wazee wengine wanajua nasaba za machifu. Baba alijua nani alioga ndani ya nini, mwaka gani, na maji machafu yalitokea wapi. Mimi, Houda, binti yake wa pekee, nilifanya kazi naye: nilijaza mistari kati ya kigae na kigae. Ni kazi inayotaka vidole vyembamba na moyo wa subira. Vidole ninavyo.

Kwa hesabu ya baba, ambayo hakuna profesa aliyeikagua, yote yalianza na Mjerumani aliyeogea kwenye beseni la zinki, magoti yakimgusa kidevu, huku askari akisubiri nyuma ya pazia na birika. Wabelgiji wa kwanza walijenga kibanda cha kuogea ng'ambo ya ua, karibu na jiko, na mvua ikinyesha, bwana mkubwa alivuka mbio na taulo kiunoni kama binadamu yeyote. Kisha wafanyabiashara wa Kigiriki wakaleta mabafu ya chuma yenye miguu, yaliyokuja kwa meli kutoka Kigoma, na kila moja lilibebwa na wanaume wanane. Miaka ya hamsini ndipo bafu lilipoingia ndani ya nyumba na kuketi karibu na kitanda, vigae mpaka darini, pamoja na bidet, beseni la kutawadhia, ambayo baba aliiheshimu kuliko vyote. Alisema hapo Mzungu alikuwa ameanza kuyaelewa maji.

Baada ya uhuru, wakubwa walitaka mawili, la bwana na la bibi, tena la rangi ya waridi. Ikaja vita, ikaja embargo, majirani wakatufungia biashara, mabomba yakakauka, na mabafu yote yale ya fahari yakawa matangi ya maji na maghala ya maharagwe. Kwa mheshimiwa mmoja wa Rohero tulikuta mbuzi amelala ndani ya bafu, ametandikiwa nyasi. "Historia ya nchi usitafute sebuleni," baba alizoea kusema. "Sebuleni watu wanadanganya."

Mwaka 1999 embargo ilikuwa imeondolewa miezi michache tu, na simenti ikaanza kuonekana tena. Risasi zilisikika bado kutoka milimani, lakini watu walikuwa wamechoka kungoja amani ndipo watengeneze nyumba. Hapo ndipo mama mmoja aitwaye Adélaïde, muuza vitenge wa soko kuu, alipotuita Kiriri. Alikuwa amenunua jumba la zamani la Mbelgiji, kule juu ambako ziwa lote linaonekana chini yako. Tulipanda kwa miguu kutoka Buyenzi, mimi nimebeba nyundo na patasi, baba amebeba pima maji yake kwapani. Njiani hakusimulia hata bafu moja. Nikadhani ni kilima kinamchosha.

Madame Adélaïde alitupeleka moja kwa moja ndani. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya sokoni.

"Muzee, mi nataka hii kitu yote itoke," alisema. "Yote. Mi niko na jacuzzi ya Dubai, iko mu garage, mpaka leo sijafungua hata carton."

Nilichungulia. Nimeona mabafu mengi, lakini lile lilinifanya nishushe sauti bila kuambiwa. Vigae vilikuwa vya kijani kibichi, kama majani ya mgomba yakinyeshewa, na mstari mweusi umezunguka kuta zote. Bafu lenyewe lilizamishwa sakafuni, unalishukia kwa ngazi mbili. Sakafu ilipangwa kimshazari, pembe kwa pembe, na ukifuata mistari yake kwa macho inakupeleka mpaka kwenye choo, ambacho nacho kilikaa upande, kimeipa kona mgongo na kuangalia dirisha.

"Angalia hiyo choo," Madame alisema. "Kweli hiyo ni choo? Ukikaa unaona kama nyumba inakimbia. Ule Mubeleji alikuwa mulevi, vraiment. Nikisema niinyooshe, mafundi wananiambia hizi karo za chini zote zimefuata choo, ukinyoosha moja unavunja yote. Basi vunja yote!"

Baba alikuwa amevua viatu mlangoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya choo cha mtu. Akaingia peku, akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Ndipo nilipotazama mistari kati ya vigae. Ilikuwa myembamba kama uzi. Nyuma ya bomba la bafu, mahali ambapo hakuna mteja anayetazama, kigae kilikuwa kimekatwa kwa mkono kuzunguka bomba, duara safi lisilo na ufa. Mjini kote anayekata vile ni mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amesimama kando yangu akijifanya mgeni.

Nilifungua mdomo. Baba akanikanyaga kidole.

Kabla sijapata pumzi akaingia kijana mwenye miwani, karatasi mkononi. Alikuwa Bonfils, mpwa wake Madame, aliyesomea usanifu wa majumba Ubelgiji na kurudi na ripoti badala ya mchumba, kama shangazi yake alivyotueleza papo hapo mbele yake. Kijana hakujali. Akashuka ngazi mbili, akasimama ndani ya bafu kavu, akatusomea.

"Tantine, huwezi kuvunja hii. C'est un chef-d'œuvre, kazi ya ustadi mukubwa. Architecte wa Bruxelles alipinda hii choo makusudi, juu mutu akikaa aone ziwa na milima ya Congo. Mi nimeipa jina: la diagonale contemplative. Ni mustari ya kutafakari."

"Kutafakari mu choo?" Madame aliuliza.

"Ndiyo, Tantine."

Madame akamgeukia baba. "Muzee, we ni fundi, una umri. Hii mutoto anasema kweli ao vitabu vimemupanda mu kichwa?"

Baba alitazama choo. Akatazama dirisha. Kisha, yeye ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa wakala wa kodi, akasema: "Anasema kweli, Madame. Ule muzungu alikuwa na akili mingi."

Madame akafikiri, midomo imechongoka. Bafu la mtu mashuhuri wa Bruxelles ni jambo la kuwaonyesha wageni, hilo aliliona upesi. Mwishowe akasema basi, libaki; tubadilishe tu vigae vitatu vilivyopasuka, na jacuzzi itatafutiwa mahali pengine. Baba alishukuru kama mtu aliyerudishiwa mtoto.

Mimi nilishuka kilima nikitoa moshi puani. Tulipofika kona ya kwanza nilisimama.

"Papa, ile bafu ni yako!"

"Ni yangu."

"Na unamupa muzungu ambaye hata hakupanda hii kilima?"

"Polepole, Houda. Batu wanasikia."

"Wasikie!"

Akakaa juu ya jiwe, akanieleza. Mwaka 1957 alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Bwana wake wa kazi, fundi Hamissi, aliugua, na Mbelgiji alikuwa likizo kwao, kwa hiyo baba aliachwa peke yake na karatasi ya ramani. Ramani ilionyesha chumba kitupu, bafu, na choo kimenyooka. Baba akasimama pale na kupima. Akaona kwamba mtu atakayekaa juu ya choo kile ataielekea Kibla, upande wa Makka ambao dini inatukataza kuuelekea tukijisaidia, uso kwa uso, kila asubuhi. Akakigeuza.

"Wao ni Wakristo," nilisema. "Kibla inawahusu nini?"

"Mwenye kukaa hana kosa, hajui. Lakini mi niliyeweka, mi najua." Akafuta miguu vumbi. "Kisha nikaona choo peke yake itaonekana kama kosa. Nikageuza karo zote ziifuate. Siku ishirini na sita, Houda. Muzungu aliporudi, simenti ilikuwa imeshakauka. Akaangalia, akaangalia, akasema c'est moderne."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. "Basi kwa nini haukusema?"

"We unataka jina ao unataka bafu?"

"Mi nataka vyote viwili."

"Basi we uko na njaa mingi." Kisha sauti yake ikabadilika. "Zile zingine nilifanya na batu. Hii nilifanya peke yangu. Siku nikifa, Mungu akiniuliza mikono yangu ilifanya nini, jibu langu iko pale juu. Nikisema ni mi nilipinda, ule mama atavunja kesho. Acha muzungu ajibebee jina. Mi nataka ibaki tu."

Nikaapa kunyamaza, na wanaonijua wataelewa kwamba jambo hilo si dogo.

Siku tatu baadaye tulipanda tena. Usiku wa kuamkia siku hiyo bunduki zilikuwa zimelia upande wa milima, na barabara ilifunguliwa saa tatu asubuhi. Baba alikuwa na vigae vitatu vimefungwa ndani ya shuka kuukuu. Vilikuwa vya kijani kilekile. Tangu utoto wangu niliona sanduku chini ya kitanda chake na kudhani limebeba vitabu vya dini. Kumbe alikuwa amehifadhi masalio ya kazi ile kwa miaka arobaini na miwili. Madame alipouliza vimetoka wapi, alisema amevipata sokoni. Huo ulikuwa uongo wa pili katika wiki moja, nikaanza kumhofia.

Baba alikuwa amepiga magoti anabandua kigae cha kwanza kilichopasuka, Bonfils alipoingia. Safari hii miwani ilikuwa imeteremka puani na sauti ilikuwa ndogo. Alikuwa amekwenda ofisi ya ramani za mji kutafuta ramani ya asili, ili aipambe ripoti yake. Aliipata. Akaitandaza sakafuni, karatasi ya manjano iliyoliwa pembeni na panya.

"Tantine," alisema, "choo... choo iko imenyooka."

Madame akainama. Akaangalia ramani, akaangalia choo, akaangalia ramani tena.

"Sasa diagonale yako iko wapi?"

"Haiko. Na hizi karo, hii ngazi, hii mustari mweusi, hakuna hata kimoja. Architecte aliacha chumba tu."

"Yemwe!" Madame alipiga makofi. "Kumbe mulevi ni fundi! Na mi nilitaka kuonyesha wageni kazi ya mulevi! Muzee, wacha hiyo karo. Vunja. Anza na choo, leo leo."

Baba aliinuka polepole. Akanyoosha mkono kwangu kuomba nyundo, nami kwa mazoea nikampa. Akapiga magoti mbele ya choo kile, akaweka patasi mahali sahihi kabisa, pale ambapo kigae hutoka bila kuumiza mwenzake. Hata katika kulivunja bafu lake alitaka kulivunja vizuri. Wallahi, nilikuwa nimeapa kunyamaza, na nilinyamaza mpaka nyundo ilipoinuka.

"Apana!" nilipiga kelele. "Madame, huyu ndiye fundi! Huyu mbele yako! Na hajawahi kuonja hata tone ya pombe!"

"Houda," baba alisema.

"Usiniambie Houda!"

Madame alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Eh! Juzi ni muzungu, leo ni muzee. Kesho mutaniambia ni paka."

Nikachukua kigae kimoja kutoka kwenye shuka, nikakibandika ukutani kando ya mwenzake. Hakuna jicho lililoweza kuvitofautisha. "Soko gani ya Bujumbura inauza hii?" niliuliza. "Embargo imekwisha juzi. Hii imelala chini ya kitanda ya baba yangu tangu mimi sijazaliwa. Muulize!"

Bonfils alivua miwani. Madame akakunja mikono kifuani, akamuuliza baba swali moja tu: kwa nini. Na baba, akiwa bado amepiga magoti mbele ya choo na nyundo mkononi, akaeleza yote kwa sauti ya mtu anayekiri mahakamani: Kibla, ramani, siku ishirini na sita, Mzungu na moderne yake. Akamalizia kwa kuomba radhi. Alisema kama Madame anaona amemharibia nyumba, atalivunja yeye mwenyewe na hatadai kitu.

Bomba lilidondosha matone mawili.

"Ulipinda hii moja tu?" Madame aliuliza.

Baba alisita. Mimi mwenyewe nilikuwa sijamuuliza hilo.

"Zote, Madame."

"Zote ngapi?"

"Arobaini na moja. Zile zilikuwa zimekaa vibaya. Zingine zilikuwa zimekaa vizuri, sikugusa."

"Mu mji wote?"

"Rohero, Kiriri, na kule chini ku ziwa."

Madame alianza kutetemeka mabega. "Hata kwa mapadri?"

"Hata kwa mapadri," baba alisema kwa unyenyekevu. "Padri mukubwa alikuwa mutu muzuri sana. Sikutaka nimuweke vibaya."

Mama yule alikaa kwenye ngazi ya bafu, akacheka mpaka kilemba kikamtoka. Alicheka, akajifuta, akamtazama Bonfils, akaanza upya. "Miaka arobaini! Mapadri wanakaa upande, hawajui ni juu ya nini! Bonfils, andika hiyo mu ripoti!" Bonfils naye alishindwa, akaegemea ukuta akilia kwa kicheko, na mimi nikaachia, hasira zangu zote zikatoka kwa njia hiyo. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Madame usoni, akingoja hukumu.

Kicheko kilipoisha, Madame aliweka kilemba mapajani. Alipozungumza sauti ya sokoni haikuwepo.

"Mi nilikuwa na nyumba Mutakura," alisema. "Wakati ya vita tulikimbia na godoro mu kichwa. Batu walioingia mule, mi najua majina yao, watoto wao walikula kwangu. Walibeba mabati, wakabeba milango, wakabeba hata choo. Tangu siku ile, mutu akiingia kwangu na nyundo, mi siwezi kulala." Akamgeukia baba. "Na we uliingia mu nyumba za batu arobaini na moja wenye hawakukuuliza kitu, ukaogopa juu ya roho zao."

"Madame, mi niliogopa juu ya yangu pia," baba alisema.

"Muzuri. Sema hivyo hivyo." Akainuka, akajifunga kilemba. "Weka hiyo nyundo chini, muzee. Hakuna mutu atavunja hii bafu nikiwa muzima. Na ile jacuzzi utaiweka huku nyuma, karibu ya chumba ya wageni. Uiweke vile unajua."

Baba aliweka nyundo chini. Bonfils akamshika mkono, akamsaidia kusimama. Nilimwona baba yangu akitoa pumzi aliyokuwa ameibana tangu tulipopanda kilima mara ya kwanza. Sijui kama nimewahi kufurahi vile, hata siku niliyoachika.

Bonfils, kijana mwungwana kuliko nilivyomdhania, alikaa papo hapo ukingoni mwa bafu na kalamu. Akafuta la diagonale contemplative yote, kurasa mbili na nusu, akaandika upya. Kisha akasoma kwa Kifaransa, nami nikamfasiria baba: choo hiki kiligeuzwa mwaka 1957 na Tajudini wa Buyenzi, kwa heshima ya imani yake.

Baba akakunja uso. "Apana, mutoto yangu. Jina yangu ina dini ndani. Haiwezi kukaa mu mustari moja na choo."

"Pardon, Muzee," Bonfils alisema, akalifuta. Akalishusha chini kidogo, kwenye sentensi ya bidet.

"Hapo pia apana."

Akalijaribu kwenye sentensi ya bomba la maji machafu. Baba alitikisa kichwa tu. Madame akaanza kucheka tena. Bonfils alipitisha kalamu kwenye ukurasa mzima, kutoka chini kupanda juu, akitafuta mahali pasipo na uchafu, na kila alipogusa baba alikataa. Mwishowe akafika kileleni, juu ya maneno yote, palipoandikwa kwa herufi kubwa jina la yule architecte wa Bruxelles.

"Na hapa?" aliuliza.

Baba akainama kuangalia, mikono nyuma. "Hapo kuko nini karibu?"

"Hakuna kitu, Muzee. Ni hapa juu tu. Peke yake."

"Basi hapo iko sawa."

Kijana akapiga mstari juu ya jina la Mbelgiji, akaandika la baba, kubwa, na chini yake: fundi. Baba aliniomba nilisome. Nikalisoma. Akaniomba tena, nikalisoma tena, na mara ya tatu nikageukia ukutani kujifanya nakagua mistari. Nyuma yangu nilimsikia akimwuliza Madame kama kuna maji ya kuchanganyia simenti, maana vile vigae vitatu vilikuwa vinangoja.